Mgonjwa Lazima Aongee

Sumbawanga, Jumatatu, 9 Januari 1995

Nimefika. Siku mbili njiani kutoka Mbeya, jamani! Lori lilikwama baada ya Laela, tukashuka sote kusukuma, na mimi nikasukuma na viatu vyangu vipya vya ngozi nilivyonunua Kariakoo. Viatu vimekufa. Mimi bado mzima, ingawa baridi ya huku inanikumbusha kwetu Tukuyu, na niliondoka Tukuyu kwa sababu ya baridi.

Niandike kilichonileta, nisije nikajisahaulisha. Mimi ni daktari, niko mwaka wa mwisho wa kusomea upasuaji wa jumla Dar es Salaam: matumbo, ngiri, majipu, mifupa, kila kinachokuja. Ninachokitaka hasa ni shingo. Kuna nafasi moja ya kwenda nje miaka miwili kusomea upasuaji wa tezi za shingo peke yake, na profesa wangu hakunizungusha. "Nenda Ufipa masika hii, kwenye marovu," alisema. "Dokta Zenon akiniambia umetoa rovu kwa mkono wako na mgonjwa amebaki na sauti yake, nafasi ni yako. Asiponiambia, nampa mwenzako." Mwisho ni Aprili. Na marovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, huku hayatafutwi kwa tochi. Nimeona shingo mbili zilizovimba kabla sijafika hospitali.

Dokta Zenon ni Mfipa wa hapahapa, mfupi, mvi kichwa kizima, sweta ndani ya koti jeupe. Nimempa shikamoo, ameitikia huku akiniangalia miguuni.

"Marahaba. Huna mabuti?"

"Sina, dokta."

"Kanunue. Karibu Sumbawanga."

Jumanne, 10 Januari

Mvua. Nimenunua mabuti.

Alhamisi, 12 Januari

Alhamisi ndiyo siku ya marovu, na leo nimeona jambo ambalo Dar hatulifanyi. Huku rovu linatolewa kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa macho kodo. Nilidhani ni umaskini, maana mashine ya usingizi inakohoa kuliko wagonjwa wa kifua, lakini Dokta Zenon anasema hata ukimletea mashine mpya atafanya hivihivi. Nyuma ya tezi inapita neva ya sauti, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Ukiivuta, sauti inakwaruza. Ukiikata, mtu anabaki na mnong'ono maisha yake yote. Kwa hiyo thieta hii ina sheria moja: mgonjwa lazima aongee, mwanzo mpaka mwisho, aseme lolote, na mpasuaji akate huku masikio yamemsimama.

Mgonjwa wa leo ni Mboje, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la huku na mifugo yake zamani. Alipoulizwa atasema nini, akajibu, "Nitawataja ng'ombe." Akawataja kweli, mmoja baada ya mwingine, rangi, pembe, mama yake nani. Alipofika kwa dume lililokufa kwa ndigana akaangua kilio, na mimi nikaona sasa mambo yameharibika. Dokta Zenon wala hakuinua uso. "Lia kwa sauti, Mboje," akamwambia. "Kulia nako ni kuongea."

Mimi nilishika ndoano ya kuvutia ngozi tangu mwanzo hadi mwisho. Kisu sikukigusa.

Ijumaa, 13 Januari

Mvua. Ngiri mbili na jipu moja. Mboje anaongea wodini mpaka wenzake wanaomba kuhamishwa.

Ijumaa, 27 Januari

Jana tena ndoano. Leo uvumilivu umeniishia, nimemfuata tulipokuwa tunanawa mikono.

"Dokta, nitaanza lini kukata?"

"Si unakata? Juzi umekata ngiri, umekata kidole kilichooza."

"Nasema rovu, dokta. Nataka kuwa daktari wa shingo."

Akasugua kucha moja moja. "Enock, usiku akiletwa mama mtoto amekwama, utamwambia arudi kwa sababu wewe ni wa shingo? Mpasuaji wa kuanzia hapa mpaka ziwani ni mimi. Nikiwa wa kiungo kimoja, watu watakufa kwa viungo vingine."

Damu ilinichemka. Nikamjibu kwamba ni afadhali kujua kimoja barabara kuliko kujua vyote nusunusu.

"Nusunusu," akasema, si kwa hasira, akachukua taulo akaondoka.

Nimejikaanga mwenyewe. Lakini naandika ninavyoona: mzee ana wivu. Ataniweka kwenye ndoano mpaka Aprili iishe, halafu atamwambia profesa kwamba nilikuwa kijana mtiifu.

Jumamosi, 4 Februari

Nimeenda sokoni na Debora, muuguzi wa thieta, mlokole kutoka Mbozi, mcheshi lakini ukimtania kuhusu wokovu utajuta. Tangu biashara ziachiwe huru kila mtu ana duka, na soko limejaa mitumba, redio na sabuni zenye majina ya Kizungu. Debora akanionyesha magunia ya chumvi ya mawe, rahisi kuliko ile ya pakiti. "Haina madini joto," akasema. "Watu wanainunua, na sisi Alhamisi tunafungua shingo." Nikamuuliza mwenye duka, kijana wa makamo yangu. "Mshikaji, watu wanataka chumvi, mimi nauza chumvi," akanijibu. 

Jumatatu, 6 Februari

Mvua ya mawe. Bati la wodi ya wanaume limetoboka.

Alhamisi, 16 Februari

Nilimkuta Dokta Zenon wodini asubuhi na mapema, kabla ya mtu yeyote, ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama wa Alhamisi iliyopita. Anazungumza naye habari za ulezi, umeota vipi, ndege wamekula kiasi gani. Nilidhani ni soga. Kumbe amefumba macho, anasikiliza sauti. Akaniita.

"Unasikia nini?"

"Anaongea vizuri, dokta."

"Sikiliza tena. Neno refu linamkatikia mwishoni. Upande wa kushoto nilivuta mno." Akamwambia yule mama vilevile, waziwazi, kwamba amemvuta mno, kwamba itapona, na amwie radhi.

Mwaka wa tatu huu nafundishwa na wakubwa, sijawahi kusikia mmoja akimwomba mgonjwa radhi. Thieta leo akaniruhusu kutumia kidole: niingize nyuma ya tezi niipapase neva, niseme ilipo kabla ya kuiona. Nilikosea mara mbili. Ya tatu nikaipata. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo, kama mtoto aliyepewa soda.

Ijumaa, 24 Februari

Mvua. Nimekata ngozi na misuli jana, mwenyewe, mpaka kwenye tezi. Hapo akachukua kisu. Neno "wivu" nililoandika Januari, nalifuta.

Jumatano, 8 Machi

Amekuja mama kutoka Mwazye, anaitwa Bertha, na mumewe Kasmir. Wametembea, wakapanda trekta, wakatembea tena. Rovu lake limeibana njia ya hewa; akipumua anapiga mluzi, na huu ni mwezi wa ngapi halali chali, anasinzia ameegemea ukuta. Nimempa shikamoo, akachutama akapiga makofi taratibu namna ya kwao kabla ya kuitikia. Pale kijijini yeye ndiye anayesalisha rozari kwenye jumuiya yao, na Kasmir anasema wakati wa Kwaresima watu wanatoka hata kigango cha jirani kuja kumsikia.

"Kwa hiyo daktari, shingo mtakata," akasema Kasmir, "lakini sauti mniachie."

Dokta Zenon akamshika Bertha shingo kwa muda, akanipisha na mimi. Kisha akasema mbele yao wote, "Mama, huyu kijana ndiye atakayekufanyia. Mimi nitakuwa upande wa pili, namsaidia."

Bertha akaniangalia mabuti, akaniangalia uso. "Ana mikono midogo," akasema. "Vizuri."

Alhamisi, 9 Machi

Nataka kuiandika siku hii yote, kwa mpangilio, kabla sijaanza kujidanganya.

Bertha akalazwa nusu ameketi. Tulipomwambia sheria ya kuongea akasema basi atasali rozari, ni ndefu ya kutosha. Silvana, mhudumu wa thieta, akasimama kichwani kwake akimshika mkono. Nikachoma ganzi, nikakata. Bertha akaanza kwa Ishara ya Msalaba, akaendelea na Salamu Maria, sauti yake nzito, yenye mtetemo kidogo, nzuri kweli. Mimi ni Mmoraviani, rozari siijui, kwangu zilikuwa kelele nilizozihitaji tu. Nilisikia Silvana akimumunya kitu kila baada ya muda, sikujali.

Upande wa kulia ukatoka salama. Dokta Zenon hakusema lolote isipokuwa "ndiyo" na "polepole". Nilijisikia mtu kati ya watu.

Kushoto damu zikawa nyingi. Shashi za kufyonzea damu zikaisha mezani, Silvana akatumwa mbio chumba cha pili kuleta nyingine. Dokta Zenon alikuwa ameinama amebana mshipa kwa kidole. Mimi nikaona mwingine unavuja, nikaubana kwa koleo, na hapohapo, palepale koleo ilipofunga, Bertha akanyamaza.

Kimya. Nilisubiri. Kimya. Mluzi wa pumzi yake nausikia, sauti hakuna. Mungu wangu, nikajua nimeibana neva. Nikafungua koleo bila hata kutazama, na damu ikaruka mpaka kwenye aproni ya Debora.

Ndipo nikamsikia Dokta Zenon, ameinama vilevile, anasema kwa sauti ya chini: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Saa ya kufa kwetu! Nikadhani mzee anamwombea marehemu, tena aliye mikononi mwangu.

"Amina," akasema Dokta Zenon.

"Salamu Maria, umejaa neema," akadakia Bertha, sauti yake nzima ileile, na akaendelea mpaka nusu, akanyamaza tena. Dokta Zenon akamjibu tena. Naye akaendelea.

Alikuwa anasubiri kuitikiwa! Rozari wanaisali kwa kupokezana, anayesalisha anasema nusu yake, watu wanamjibu nusu yao, na mwitikiaji wake alikuwa amekwenda kuleta shashi. Mama wa watu angeweza kukaa kimya mpaka jioni. Kwao huwezi kuanza nyingine kabla hujaitikiwa ya kwanza. Nikamtazama Debora. "Mimi nimeokoka," akaninong'oneza nyuma ya barakoa, "nisingejibu, na wala sikujua."

Laiti ningeweza kucheka. Damu ilikuwa imejaa shimoni, sioni kitu. Nilitafuta ule mshipa kwa pupa, nikabana, nikakosa, nikabana tena, karibu mno na pale kidole kilipokuwa kimeniambia neva ipo. Hatimaye ukashikika. Tezi ikatoka. Nikashona.

Mwisho nikamwomba Bertha ajitaje jina. Akasema, "Bertha," na lilitoka hewa tupu, kama mtu anayepuliza moto.

Ijumaa, 10 Machi

Sauti ya Bertha: mnong'ono. Anapumua vizuri, amelala chali usiku kucha, Kasmir anashangaa kumsikia hakoromi. Mimi ndiye niliyekesha.

Dokta Zenon aliniita ofisini. "Koleo ya kwanza haikuwa na kosa. Kosa ni kuifungua bila kutazama. Ulishtuka."

"Nimeikata neva, dokta?"

"Hujaikata, niliiona kabla hujashona. Umeichubua, imevimba. Inaweza kurudi. Inaweza pia isirudi." Akanimiminia chai. "Na kosa langu ni kutokuuliza kama unaijua rozari. Nilidhani kila mtu anaijua."

Nikaenda kumwambia Bertha yote, kama nilivyomwona Dokta Zenon akifanya. Kwamba nilishtuka, nikafanya pupa. Alinisikiliza. Kisha akaninong'oneza mpaka nikainama kumsikia: "Kwa hiyo hukujua kujibu?" Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, jamani, bila sauti.

Jumamosi, 11 Machi

Mvua. Sauti: bado.

Jumatatu, 13 Machi

Bado.

Jumatano, 15 Machi

Bado. Kasmir hanisalimii.

Jumatatu, 20 Machi

Bertha ameruhusiwa. Amekwenda na mnong'ono wake. Kasmir akanigeukia mlangoni, mtu mpole yule, hakupandisha sauti. "Nilikuomba kitu kimoja, daktari." 

Nimemwambia Dokta Zenon nataka kumpigia profesa simu, ampe mwenzangu nafasi. Shingo si yangu. Akanitazama kama nimetapika mezani. "Utampigia useme nini? Hujui bado. Rovu haliishi thieta, linaishia nyumbani kwa mtu. Barabara ikipitika tutakwenda Mwazye kumsikia. Mpaka hapo, Alhamisi kama kawaida."

"Kushika ndoano?"

"Kukata."

Alhamisi, 23 Machi

Nimetoa rovu. Mgonjwa, mwalimu wa Chala, alifundisha hesabu za darasa la tano saa zote. Kabla ya kuanza nilimuuliza kila kitu atakachosema, na wapi atapumzika. Sauti yake nzima. Sikufurahi nilivyopaswa, maana masikio yangu yako Mwazye.

Alhamisi, 30 Machi

Mvua. Rovu jingine, salama. Daraja la njia ya Mwazye limechukuliwa na maji.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua. Ndiyo hiyo tu.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Siku ya pili bila mvua. Jana nilikwenda misa na Silvana, kusikia tu wanavyojibizana. Nimejua sasa. Daraja limetengenezwa kwa magogo, Jumamosi tunakwenda. Profesa amepiga simu kuuliza, Dokta Zenon akamjibu, "Nitakuambia baada ya Jumamosi."

Jumamosi, 22 Aprili

Landrova ilikwama kabla ya kijiji, kwenye kijito, tukaiacha na dereva tukapanda kilima kwa miguu, mimi na Dokta Zenon. Kando zote ulezi umeinamisha vichwa na mahindi yanaanza kukauka. Mzee alikuwa akihema. Nilishapanga maneno ya kumwambia Kasmir, nikayapanga upya.

Hatujaona hata paa la nyumba, tukasikia mwanamke anapiga kelele ng'ambo ya shamba.

"Kasmiri! We Kasmiri! Mbuzi wako kwenye mahindi! Umelala?"

Dokta Zenon akasimama, akainua kidole. Sauti nzito. Ikapanda, ikakwaruza kidogo juu kabisa, ikashuka nzima.

"Kasmiriii! Nasema mbuzi!"

Niliketi pale pale kwenye tope. Sioni aibu kuandika kwamba nililia, na mzee akajifanya anatazama ulezi.

Bertha alitupokea kwa makofi, akatuletea togwa, akaanza kunisimulia: ilimrudi Jumatano ya wiki ya tatu, ghafla, akimfukuza kuku. Ijumaa Kuu amesalisha. Noti za juu hazijarudi zote, lakini kwani yeye ni malaika? Kasmir akaja kutoka kwa mbuzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi.

Dokta Zenon akaweka kibuyu chini. "Kesho kutwa nitampigia profesa wako. Nitamwambia umetoa marovu, na wagonjwa wako wanagombana na waume zao." Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. "Ngoja. Mwenyeji ana mgeni."

Alikuwa ameingia dada yake Bertha, anaitwa Redempta, mtu mzima, ametulia. Akachutama akatusalimu, nikampa shikamoo, kisha akafungua kanga shingoni. Alikuwa amesubiri siku zote hizi aone dada yake anatoka vipi. Sasa ameona, na anataka rovu lake lije kutolewa na mimi.

Nikamshika. Vidole vikashuka, vikashuka, vikafika kwenye mfupa wa kifua, na tezi ikaendelea kushuka nyuma ya mfupa nisikofika. Nikamwambia ameze mate. Mwisho wa tezi haukupanda juu ya mfupa. Nikamuuliza pumzi, akasema hana shida, hata kilima anapanda. Moyo wangu ulitaka kusema ndiyo. Wiki sita zilizopita ningesema ndiyo.

"Mama," nikamwambia, "hili limeingia kifuani. Mimi siliwezi."

Bertha akamgeukia Dokta Zenon, kama watu wote wa nchi hii wanavyomgeukia. Mzee akainuka, akampapasa Redempta kwa muda mrefu, akarudi kuketi.

"Mimi pia siliwezi," akasema. Nadhani hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya watu wa kwao. "Nafungua shingo tu. La kifuani linataka mtu aliyesomea hilo hasa. Huyu anakwenda kulisomea." Kisha akanitazama mimi. "Nilikuambia hatuhitaji mtu wa kiungo kimoja. Nilikuwa naogopa utakwenda usirudi."

"Nitarudi, dokta."

"Anakwenda muda gani?" akauliza Redempta.

"Miaka miwili, mama. Pumzi ikianza kukusumbua kabla ya hapo, Dokta Zenon atakupeleka Dar bila kuchelewa. Isipokusumbua, nakuja mimi."

Akafikiri. "Nimekaa nalo tangu binti yangu wa kwanza ananyonya, na sasa ana watoto wake," akasema. "Miwili nitaweza." Akanishika mkono, akaurudisha shingoni kwake, akaukandamiza pale tezi inapozama chini ya mfupa. "Lishike vizuri, mwanangu. Huko uendako wataonyesha shingo nyingi, usije ukalisahau langu."

Nikalishika mpaka aliponiachia.